Cairo: shemeji yako kasema kweli, na mwenzako wa kazini naye kasema kweli

SWALI: Msomaji wetu, muuguzi mzaliwa wa Kondoa anayefanya kazi Dodoma, amepata mafunzo ya miezi minne jijini Cairo kuanzia Novemba. Shemeji yake aliwahi kupita huko siku chache akitokea Umra, akarudi akiapa kwamba mji mzima ni matapeli. Mwenzake wa kazini aliyesoma huko anasema hajawahi kuona watu wakarimu kama wale. "Nimwamini nani?" anauliza. "Na maisha ya kila siku yakoje kwa mwanamke mweusi, aliye peke yake, ambaye Kiarabu chake ni cha madrasa tu?"

JIBU: Dada, waamini wote wawili. Kila mmoja amekusimulia mahali alipokanyaga, na hawakukanyaga mahali pamoja. Cairo na vitongoji vyake ina watu zaidi ya milioni 20. Mgeni wa siku nne na mkazi wa miaka minne wanaweza wasikutane hata na mtu mmoja yule yule.

Nikikisia safari ya shemeji yako, alizunguka kati ya uwanja wa Tahrir, soko la Khan el-Khalili na piramidi za Giza. Kwenye njia hizo wapo watu ambao riziki yao yote ni mgeni atakayeondoka kesho. Anayekwambia kwamba lango la piramidi limefungwa, pitia huku, ana ngamia au farasi nyuma ya kona. Anayekuita unywe chai kwa sababu binti yake anaolewa wiki hii anakupeleka kwenye duka la manukato, na mwenye duka atamkatia fungu lake ukishatoka. Mchoro wa mafunjo unaouziwa kwa bei ya kukutoa jasho mara nyingi umetengenezwa kwa majani ya mgomba. Hayo yote yapo, wala shemeji hakuyatunga.

Kwa hiyo kwenye maeneo ya watalii shika jambo moja: anayeanza mazungumzo ana kitu cha kukuuzia. Ukihitaji msaada, chagua mwenyewe wa kumuuliza. Muulize mwenye duka la dawa, mama mwenye mtoto, au mwanafunzi mwenye begi mgongoni. Halafu muulize na wa pili, maana watu wa Cairo huona haya kumwambia mgeni "sijui". Atakuonyesha njia kwa mkono wote na kwa uhakika wote, kumbe anabahatisha. Nia yake ni njema kabisa, ila utatembea nusu saa bure.

Mwenzako wa kazini aliishi mtaani, na mtaa wa Cairo una taratibu zake. Mfano wangu wa siku zote ni mikrobasi. Ni Hiace hizi hizi tunazozijua, ila nyingi hazina konda. Ukishakaa unamgusa bega aliye mbele yako, unampa noti na kumwambia ni ya mtu mmoja. Naye anampa wa mbele yake, na huyo anampa wa mbele zaidi, mpaka pesa imfikie abiria aliyekaa kando ya dereva, ambaye kwa kukaa pale tu amekwishakuwa mhasibu wa gari. Anahesabu, anauliza kwa sauti nani bado, anapanga chenji, na chenji yako inarudi nyuma mkono kwa mkono. Noti imepita kwa watu watano usiowajua, sarafu imepita kwa watano hao hao, na imefika kamili. Ukitaka kushuka sema "ala gamb ya osta", yaani weka pembeni, fundi. Dereva anaitwa osta, na akiitwa hivyo hufurahi.

Mji ule ule, basi, unamtapeli mgeni wa siku moja pale Giza na kumrudishia chenji yake kamili kwenye mikrobasi. Mtaani mtakutana tena kesho na keshokutwa, na mtu akikudhulumu majirani zake watajua kabla ya magharibi. Ndiyo maana wiki ya kwanza ni ngumu na ya nne inakuwa nyepesi. Ushauri wangu ukifika ni kuwa na watu wako wale wale: muuza mboga mmoja, duka moja, fundi simu mmoja. Usibadilishe kila siku ukitafuta aliye rahisi kwa pauni mbili. Ukishakuwa mteja wa mtu, wewe ni mgeni wake mtaa mzima, na atakutetea hata kwa wengine.

Kuna adabu moja inayowachanganya wageni. Unamuuliza muuza duka au dereva wa teksi, "Kiasi gani?" Anajibu "khalli", acha tu, usilipe. Usishukuru ukaondoka! Ni kama nyumbani unapowakuta watu wanakula wakakwambia karibu, ukawajibu ahsante, nimeshiba, huku tumbo linanguruma. Kila upande umefanya wajibu wake. Uliza tena, akikataa uliza mara ya tatu, na hapo atataja bei. Bei yenyewe huenda ikakushtua, na hiyo nayo ni sehemu ya mchezo kwenye teksi za barabarani. Mimi wageni wangu huwaambia watumie Uber au inDrive kwa safari ndefu, ili bei ijulikane kabla hawajapanda.

Nyumba sasa. Kama mafunzo hayatakupa hosteli, utapitia kwa dalali, wanamwita simsar, naye atadai malipo yake. Wanafunzi wengi wa nje wanaosoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar hukaa Nasr City, hasa mtaa wa Hayy al-Ashir. Huko utawakuta Waindonesia, Wanigeria, Wachechnya, na Wazanzibari na Wakenya wa kutosha kukupa futari ya nyumbani. Watu wa kwetu hawakuanza kusoma Cairo juzi. Miaka ya 1950 vijana wa Unguja walikuwa tayari wakisoma pale, na Redio Cairo ikitangaza kwa Kiswahili.

Popote utakapopanga, mtu wa kwanza kumjua ni bawabu. Hakai getini kama mlinzi wa kwetu, anakaa kwenye benchi mlangoni mwa jengo, na mara nyingi chumba chake na familia yake kiko hapo hapo chini ya ngazi. Anajua nani kaingia, nani kahama, nani anadaiwa umeme. Atakubebea mtungi wa gesi, atakuitia fundi bomba, na mke wake anaweza kukufulia. Mlipe kila mwezi bila kukumbushwa, na sikukuu umpe chochote. Ila ujue pia kwamba yeye ndiye macho ya jengo. Mwanaume asiye ndugu yako akija kukutembelea ghorofani, bawabu ana haki, kwa maoni yake na ya majirani, ya kumzuia. Wengine huudhika kuingiliwa namna hiyo. Mwanamke anayerudi zamu saa sita za usiku huliona jambo hilo kwa jicho jingine.

Asubuhi yako ya kwanza simama kwenye roshani utazame chini. Utaona kikapu kimefungwa kamba kikishuka kutoka ghorofa ya nne. Ndani kuna noti na karatasi yenye orodha. Kijana wa dukani anaweka mayai, jibini na sigara, anaivuta kamba mara mbili, na bibi aliye juu anaanza kupandisha, polepole, mayai yasije yakagonga ukuta. Majengo mengi lifti ni mbovu au haipo, na yule bibi hana haja ya kushuka ngazi. Chini yake atapita mtu wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshikilia chaga ya mikate kichwani, ndefu kama kitanda cha mtoto, akipenya kati ya magari. Nimemsubiri miaka aangushe, hajaangusha.

Mkate huo ni wa duara na wa pumba, na watu wa Cairo wanakula nao karibu kila kitu. Ukitoka tanuri hautiwi kwenye mfuko, kwa sababu utatoa jasho na kushikana. Watu wanautandaza kwanza juu ya magazeti, kwenye chaga, hata kwenye boneti ya gari la mtu lililoegeshwa, wanaugeuza, wanapiga soga, kisha wanaukusanya. Wenye kadi ya serikali wanaupata kwa bei ya ruzuku, ambayo Juni 2024 ilipanda kutoka piasta 5 hadi 20 (piasta mia ni pauni moja) baada ya kukaa palepale kwa zaidi ya miaka thelathini. Wewe utanunua usio wa ruzuku, lakini ujue kwamba unapozungumzia bei ya mkate umegusa siasa.

Chakula hakitakusumbua. Asubuhi ni ful, maharage makubwa ya kahawia yaliyolala motoni usiku kucha kwenye chungu cha shaba chenye shingo nyembamba, yakatiwa bizari ya pilau, mafuta na ndimu. Pembeni kuna taamiya, bajia za maharage hayo hayo, za kijani kwa ndani. Mchana mtu akiwa na haraka anakula koshari, sahani ya wali, adesi, makaroni na dengu kwa pamoja, juu rojo la nyanya na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa kama chipsi. Mwili wa Mtanzania huuliza kwa nini wali na makaroni vikutane, halafu wiki ya pili unaagiza sahani kubwa.

Na wewe mtu wa Kondoa una bahati kuliko wenzako wa pwani, maana Cairo wanakula mlenda. Wanauita mulukhiya. Majani yanakatwakatwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo na mishikio miwili, mpaka yawe laini kabisa, yanatiwa kwenye mchuzi wa kuku au sungura, na mwishoni kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa kwenye samli vinamwagwa juu vikilia. Wakati wa kumwaga, mpishi wa kike wa Kimisri anavuta pumzi kwa mshtuko, "hhh!", kama aliyeona nyoka. Bila mshtuko huo, wanasema, haiivi vizuri. Muulize mwenye nyumba yako akufundishe na utapata urafiki wa kudumu. Khalifa al-Hakim wa dola ya Fatimiya, aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021, alipata kuipiga marufuku. Wamisri wanaisimulia habari hiyo wakicheka, huku wanachovya mkate.

Saa zitakutega. Novemba hadi Machi Cairo iko nyuma yetu kwa saa moja, hilo ni dogo. La hatari ni kwamba wao huhesabu kuanzia usiku wa manane, na majina ya saa ni yale yale unayoyajua: wakikwambia kikao ni saa "tisa", mwili wako utasikia alasiri, kumbe wamesema saa tatu. "Sita" yao ni saa kumi na mbili yako. Andika kwa tarakimu, kila mara, hasa ratiba za zamu. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni kazi. Maduka mengi hayafunguki mapema, na mji huchangamka jioni. Usishangae kuona familia nzima, na mtoto mchanga, wakila aiskrimu barabarani saa tano usiku.

Kiarabu chako cha madrasa watakielewa chote, wewe ndiye hutawaelewa wiki za mwanzo. Unapozungumza, masikioni mwao unasikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari, au sultani kwenye tamthilia ya Ramadhani, na watatabasamu. Usione haya, endelea tu. Kinachofungua milango zaidi ya sarufi ni namna ya kuwaita watu. Mzee ni ya hagg, mama mtu mzima ni ya hagga, awe amehiji au hajahiji. Fundi ni osta, msomi yeyote mwenye miwani ni bashmuhandis, na wewe, kwa sababu unafanya kazi hospitalini, utaitwa doktora hata ukikataa. Vyeo vya basha na bey vilifutwa baada ya mapinduzi ya 1952, lakini mpaka leo polisi wa barabarani anaitwa basha na anaitika. Mtu akiitwa jina la heshima huona aibu kukufanyia uhuni.

Sasa lile uliloliuliza kwa upole, la weusi wako. Nitakueleza kama lilivyo. Watakudhania Msudani, maana tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 wakimbizi wengi mno wameingia Misri, na mitaa kama Faisal na Ard el-Liwa imejaa maduka na mikahawa yao. Wengi watakupokea vizuri kwa sababu hiyo hiyo. Wapo pia wanaolaumu Wasudani kwa kupanda kwa kodi za nyumba, na lawama hiyo inaweza kukugusa kabla hujafungua mdomo. Mtaani utaitwa "samara", yaani mweusi, au "chokoleta". Baadhi wanadhani wanakusifia, na wengine wanataka kukukera. Watoto ndio wabaya zaidi, na mama zao ndio dawa: mgeukie mtu mzima aliye karibu, usibishane na mtoto. Ni ubaguzi, na sitaki mtu akwambie uuzoee kwa sababu eti ndiyo tabia ya mji. Lakini pia nisikutishe. Wanawake wa kwetu ninaowapokea huyakumbuka hayo kama vumbi la mji, yanaudhi, na hayakuwazuia kuishi. Nakala ya pasipoti na ya ukurasa wa viza itembee nawe siku zote, maana polisi huwakagua Waafrika kuhusu ukaazi.

Kwa mwanamke, metro ni rafiki yako. Ilifunguliwa mwaka 1987, ya kwanza Afrika, na mabehewa ya katikati ni ya wanawake peke yao. Fuata wanawake wanakosimama kwenye jukwaa utayajua. Ndani yake ni soko: mtu anauza hijabu, mwingine soksi, mwingine kipodozi anachomjaribia abiria mkononi, na mazungumzo ya wasiojuana yanaanza bila salamu. Kwenye mikrobasi keti karibu na wanawake, kwenye teksi keti nyuma. Maneno ya wanaume barabarani yapo, tena mengi kuliko Dodoma. Sheria imeutaja unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai tangu 2014, ila barabarani kinachokuokoa haraka ni sauti yako. Mtu akikusogelea vibaya, mwambie "ʿeb!", yaani aibu, kwa sauti ya kusikika na umtazame mzee aliye karibu. Mara nyingi hutamaliza, watu watamvaa wao. Kunyamaza na kuongeza mwendo ndiko wanakokutegemea.

Dereva atakuuliza wewe ni Ahly au Zamalek. Hata kama hufuatilii mpira, beba jibu. Simba waliwatoa Zamalek kwa penalti mwaka 2003, Zamalek wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika, na shabiki wa Ahly akisikia unatoka nchi ya Simba atakukumbusha kwa furaha. Kama ni wa Zamalek, mtaje Nyerere: Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, limejengwa na Arab Contractors na Elsewedy Electric, kampuni mbili za Misri, na redio na televisheni za kwao zililitangaza sana. Bwawa la Ethiopia kwenye Mto Nile wakilileta, sikiliza tu, usitoe hoja.

Makumbusho hutayakosa: Jumba Kuu la Makumbusho ya Misri lilizinduliwa Giza Novemba 2025, na maiti zilizokaushwa za mafarao ziko mtaa wa Fustat tangu Aprili 2021. Kupiga picha za kwako barabarani kumeruhusiwa bila kibali tangu 2022, ila watu uwaombe kwanza, na wanajeshi, vituo vya polisi na madaraja uyaache.

Miezi yako itaingia Ramadhani. Robo saa kabla ya magharibi madereva wanaendesha kama wanaofukuzwa, na vijana wanasimama njia panda wakitupia tende na juisi kwenye madirisha ya magari. Adhana ikilia barabara inakuwa tupu. Omba zamu ya asubuhi mwezi huo kama inawezekana, na usijipikie futari kila siku, majirani watagombana juu yako.

Nguo. Wengi wa kwetu hufika na madira mepesi kwa kuwa wamesikia jangwa. Januari usiku joto hushuka mpaka nyuzi 9 au 10, sakafu ni ya vigae na nyumba nyingi hazina kipasha joto, kwa hiyo ndani mara nyingi ni baridi kuliko nje. Beba sweta mbili na soksi nzito za kulalia. Blanketi usilipie mzigo wa ndege. Nenda soko la Ataba, shuka kwenye kituo cha metro chenye jina hilo hilo, uanze kwa kutaja nusu ya bei watakayokupa.